Kushika usukani ukubwani: kazi mpya, amana ile ile

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na akapitisha njia ndani yake ili waja wake wapite na kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kulieleza jambo ambalo halisemwi sana juu ya mimbari, ingawa linasemwa sana barazani. Hapa Sumbawanga, na katika uwanda wote wa Ufipa, wanaonekana watu wazima waliokwisha kuvuka miaka 40 wakiziacha kazi walizozizoea, huyu chaki, yule duka, mwingine jembe au meza ya ofisi, na kuingia katika udereva wa malori ya masafa marefu. Wapo walioachishwa kazi. Wapo ambao biashara zimewafia mikononi. Wapo pia waliopiga hesabu ya ada za watoto, wakaona kipato chao hakitoshi hata nusu yake.

Ndugu hawa huja na maswali matatu. Je, si aibu kwa mtu mwenye mvi kuanza kazi upya kama kijana? Je, dini inasemaje juu ya kazi inayomweka mtu mbali na nyumba yake na msikiti wake? Na je, yawezekana mtu kuishika kazi hiyo na dini yake ikabaki salama?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba katika kubadili kazi hamna aibu. Aibu imo katika kuibadili kwa hila, au kuiacha kazi ya zamani na kuiacha amana pamoja nayo. Ufafanuzi wa maneno hayo ndio huu ufuatao.

Barabara iliyobadili riziki za watu

Wasomaji wenye umri kama wetu wanaikumbuka barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilivyokuwa. Urefu wake ni kilomita 220 na ushei, lakini katika majira ya mvua, ambayo kwetu huanza Novemba na kwisha Aprili, hakuna aliyeipima safari hiyo kwa kilomita. Watu waliipima kwa siku, kwa matope, na kwa idadi ya mara walizoshuka kulisukuma gari. Mahindi ya Laela na Mpui yalivunwa kwa wingi, kisha yakangoja njia ikauke ndipo mnunuzi afike.

Mwezi Februari mwaka 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa dola milioni 698 kupitia mpango wa Changamoto za Milenia, na barabara hiyo ikawa miongoni mwa zilizotengewa fedha za kuwekwa lami. Baadaye lami ikasogea upande wa Mpanda, na upande wa Matai hadi bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, ambako shehena hupakiwa kuelekea Kongo na Burundi. Mji uliokuwa mwisho wa njia ukawa njiapanda. Gari lililopakia mahindi hapa sasa linaweza kushika njia ya Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,000, au likavuka Tunduma na kuingia Zambia, au likateremka Kasanga kukutana na meli.

Nayo barabara kuu inayopita Tunduma ina historia yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia yake ya kusini ya kupitishia mafuta, na malori yakalazimika kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa njia iliyokuwa ya vumbi na matope kwa sehemu kubwa. Ajali zilikuwa nyingi hata watu wa wakati ule wakaiita njia ya jahanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafunguliwa rasmi mwaka 1976, na barabara ikawekwa lami. Lakini malori hayakukoma, yamezidi kuongezeka. Kila palipo na malori pana haja ya madereva, na ndiyo sababu mtu wa Ufipa aliyekwama katika kazi yake hugeuza uso kuitazama barabara.

Wazee wetu nao walibadili kazi

Anayedhani kwamba kubadili kazi ukubwani ni jambo geni katika ardhi hii na akumbuke malungu. Kabla ya majembe ya dukani kuenea, Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuri za udongo zenye kimo cha kumpita mtu, wakayayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyojulikana mbali. Majembe ya kigeni yalipokuja kwa bei rahisi, ustadi ule ukakosa soko. Mafundi wale hawakukaa chini ya malungu wakingoja zamani zirudi. Walishika jembe walilokuwa wakilifua, wakalima. Watoto na wajukuu wao wakatembea hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine wakafika katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kazi ilipohama, nao walihama.

Tukirejea katika dini yetu, tunaikuta mifano iliyo bora zaidi. Nabii Musa (A.S) alilelewa katika kasri la Firauni. Alipolazimika kuikimbia Misri alifika Madyan hana chochote, akaajiriwa kuchunga mifugo kwa mkataba wa miaka minane, na kama angependa, kumi, kama inavyoelezwa katika Sura ya 28, Al-Qasas. Mtu wa kasri akawa mchungaji wa kulipwa, na Mwenyezi Mungu hakulihesabu hilo kuwa ni kushuka daraja. Akiwa safarini na familia yake, baada ya muda wa kazi hiyo kutimia, ndipo alipoitwa kuwa Mtume.

Mfano wa pili ni wa sahaba Abdur-Rahman bin Auf (R.A). Alipohamia Madina, umri wake ukikadiriwa kuwa umepita miaka 40, mali yake aliiacha Makka. Ndugu yake wa Madina, Saad bin Rabii (R.A), alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimwombea baraka katika mali hiyo, kisha akaomba aoneshwe sokoni kuliko. Akaanza na biashara ndogo ya samli na jibini, hadi Mwenyezi Mungu akamkunjulia. Angeweza kulia kwamba yeye alikuwa mtu mkubwa huko kwao. Hakulia, alikwenda sokoni.

Ama kuhusu kazi ya safari yenyewe, Mwenyezi Mungu katika Sura ya 73, Al-Muzzammil, aya ya 20, amewataja wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila zake mahali pamoja na wanaopigana katika njia yake. Na katika Sura ya 16, An-Nahl, aya ya 7 na ya 8, ametukumbusha neema ya wanyama wanaotubebea mizigo hadi miji tusiyoweza kuifikia ila kwa mashaka makubwa, kisha akasema kwamba anaumba na vingine tusivyovijua. Wafasiri wengi wa zama zetu wameviona vyombo vya usafiri kuwa vinaingia katika maana ya vile visivyojulikana. Basi dereva wa lori yumo katika kazi ambayo Qur'ani imeitaja kwa heshima. Wanaomwita mhuni kabla ya kumjua, wajihadhari.

Miaka 40 na unyenyekevu wa mwanafunzi

Umri wa miaka 40 umetajwa kwa jina lake katika Sura ya 46, Al-Ahqaf, aya ya 15, kuwa ni umri ambao mtu hufikia ukamilifu wa nguvu zake, akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru na kutenda mema yanayomridhisha. Maana yake ni kwamba umri huu ni wa kufanya upya hesabu ya maisha. Anayeanza kazi nyingine katika umri huo huja na mtaji ambao kijana hana: subira, woga wa Mungu, na kumbukumbu ya watoto waliolala nyumbani.

Lakini mtaji huo una adui yake, nacho ni kibri. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa na darasa zima atalazimika kuwa utingo chini ya dereva mwenye umri wa mwanawe. Atafundishwa kufunga turubai, kukagua matairi, kuunganisha tela na kurudi nalo kinyumenyume. Atakosea mbele ya watu na atachekwa. Asiyekubali kuwa mwanafunzi asiende. Nabii Musa (A.S), pamoja na cheo chake, alisafiri mwendo mrefu ili akawe mwanafunzi kwa mja mwema, na kisa hicho kimo katika Sura ya Al-Kahf tunayoisoma kila Ijumaa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa haraka ya kuanza kulipwa, mtu hununua leseni ya daraja la magari makubwa pasipo kujifunza, au hutafuta cheti cha chuo ambacho hajakanyaga hata ua wake. Nchi yetu imekwisha kuliona tunda la mti huo. Mwezi Aprili mwaka 2017 serikali ilitangaza kuwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Miongoni mwao walikuwamo watu wazima wenye familia, waliojikuta wakianza maisha upya. Sisi hatuwacheki ndugu hao, kwani mlango wa toba uko wazi. Tunasema tu kwamba asiwepo mtu atakayeuacha uongo wa ofisini ili akaanze na uongo wa barabarani. Cheti cha uongo cha ofisini huharibu faili. Leseni ya uongo huua watu. Mtume (S.A.W) amemtoa katika safu ya wafuasi wake mwenye kughushi, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim. Vyuo vipo, vikiwamo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Dar es Salaam. Miezi michache ya kusoma si hasara mbele ya miaka mingi ya kazi.

Mke ashauriwe kabla ya gari kuwashwa

Mtu wa miaka 45 hasafiri peke yake hata kama kiti cha pembeni ni kitupu. Nyuma yake yupo mke, wapo watoto walio katika umri mgumu wa ujana, na pengine wazazi wakongwe. Qur'ani katika Sura ya 2, Al-Baqara, aya ya 233, imetaka hata suala la kumwachisha mtoto ziwa liamuliwe na wazazi wawili kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto linahitaji shauri, itakuwaje uamuzi wa baba kutokuwapo nyumbani kwa wiki nyingi?

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A), katika ukhalifa wake, alimsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa vitani. Alimwendea binti yake Hafsa (R.A) kumuuliza ni muda gani mke aweza kusubiri. Riwaya nyingine zinataja miezi minne na nyingine sita, naye akaamuru askari wasizuiwe mbali na nyumba zao zaidi ya muda huo. Huyo ni mtawala wa dola kubwa, aliyepanga likizo za jeshi lake kwa kuzingatia moyo wa mwanamke mmoja. Basi dereva na tajiri wa gari wakubaliane mapema juu ya siku za kurudi nyumbani. Mtume (S.A.W) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, na akamwagiza msafiri akimaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Vile vile amekataza mtu aliyetoka safari ndefu kuwazukia wake zake usiku. Leo simu ipo, na dakika moja yatosha kutoa taarifa.

Tuseme na la fitina ya njiani. Utafiti wa kitaifa kuhusu UKIMWI wa mwaka 2016/2017 ulionesha kwamba maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 mkoani Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati kiwango cha taifa kilikuwa karibu asilimia 5. Barabara kuu ya Zambia imepita katika mikoa yote hiyo mitatu. Hatusemi kwamba madereva ndio waliosababisha, kwani sababu ni nyingi. Tunasema kwamba anayelala vituoni usiku baada ya usiku, mfukoni ana posho na moyoni ana upweke, yumo katika mtihani mkubwa, na ni lazima aujue kabla haujamfika. Afunge saumu za sunna akiwa hayupo kwenye usukani, asafiri na mwenzake mwema, apige simu nyumbani kila siku, na apime afya yake yeye na mkewe bila ya kuoneana haya. Ama zile ndoa za mpakani zinazofungwa kwa siri na kuvunjwa gari linapoondoka, hizo ni mchezo uliovishwa kilemba cha dini, na dini imeepukana nazo.

Mizani ya Mpemba na mizani ya Kiyama

Dereva anayetoka Sumbawanga na mzigo wa Dar es Salaam atakutana na mizani ya Mpemba karibu na Tunduma, kisha nyingine Makambako, Wenda, Mikese hadi Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Anayezidisha huivunja barabara iliyojengwa kwa fedha za umma. Huichosha breki itakayohitajika katika mteremko wa Kitonga, na huhatarisha roho za watu wasiomjua.

Ndugu dereva, kila unapopanda juu ya mizani ile, ikumbuke Sura ya 55, Ar-Rahman, ambamo Mola wetu ameitaja mbingu aliyoiinua na mizani aliyoiweka, akakataza watu wasidhulumu katika mizani. Mizani ya Mpemba yaweza kudanganywa kwa fedha iliyokunjwa katika kiganja. Mizani ya Siku ya Kiyama haina karani wa kupokea kitu.

Katika mlango huu huu inaingia dizeli inayonyonywa kutoka katika tangi na kuuzwa kwa madumu kando ya njia. Wapo wanaoiita haki yao kwa kuwa posho ni ndogo. Posho ikiwa ndogo, idaiwe kwa uwazi au kazi iachwe. Wizi haugeuki kuwa mshahara. Imamu Muslim amepokea hadithi ya mtu aliye katika safari ndefu, nywele zimemtimka na vumbi limemjaa, anainyanyua mikono yake mbinguni akimwita Mola wake, ilhali chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu na vazi lake ni la haramu. Mtume (S.A.W) akauliza, huyo atajibiwaje? Tunajua kwamba dua ya msafiri ni miongoni mwa zinazopokewa. Ni hasara iliyoje kwa mtu ambaye kazi yake ni safari, mlango wa dua u wazi mbele yake kila siku, kisha akaufunga mwenyewe kwa madumu mawili ya dizeli.

Mfunge ngamia wako, na hirizi itupe

Mtume (S.A.W) alimwelekeza mtu aliyeuliza juu ya ngamia wake kwamba amfunge kwanza kisha amtegemee Mungu. Kumfunga ngamia kwa dereva wa leo ni kukagua breki, matairi na taa kabla ya kuondoka, na kushuka mlima kwa gia ndogo. Ni kulala pia. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwenye kusinzia ndani ya sala ameamrishwa akalale kwanza hadi usingizi umwishe, kwani huenda akakusudia kuomba msamaha akajikuta anajiapiza. Ikiwa sala, ambayo ni nguzo ya dini, haisaliwi kwa kusinzia, ni nani aliyemruhusu mtu asinzie na tani 56 mkononi? Wanaotafuna mirungi ili wakeshe wanauziba mdomo wa mwili unaoomba msaada. Mwili wa miaka 45 si wa miaka 20, na kulikiri hilo ni katika akili.

Jina la mji wetu wa Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa ni kuutupa uchawi. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba wapo wasafiri wanaokuja huku kutafuta hirizi za kufunga chini ya usukani, eti gari lisipinduke. Mtume (S.A.W) amesema kwamba mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Hirizi haijui breki iliyokwisha. Kinga ya Mwislamu ni dua ya kupanda chombo, ambayo msingi wake umo katika Sura ya 43, Az-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, pamoja na akili aliyopewa.

Na kwa kuwa kinga haiondoi kadari, dereva aandike wasia. Mwezi Septemba mwaka 2016 madereva wa malori kutoka Tanzania walitekwa na watu wenye silaha katika Kivu ya Kusini, nchini Kongo, kisha wakapata kuachiwa. Familia zilikaa bila kujua hatima. Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila ya wasia ulioandikwa. Madeni yajulikane, na hati za kiwanja mke ajue zilipo.

Ibada juu ya barabara

Safari inapozidi kilomita 80 hivi, kwa kauli iliyozoeleka katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri anaruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, tangu atakapoyapita majengo ya mji wake. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, atasali sala kamili. Ama aliyekwama katika foleni ya Tunduma au Kasumbalesa, kila siku akitaraji kuvuka, huyo anaweza kuendelea kupunguza hadi siku 18.

Kibla nacho kisimsumbue. Kutoka Sumbawanga, Makka iko kaskazini ikielemea mashariki kidogo. Kutoka Dar es Salaam ni kaskazini kwa karibu sana. Anayejua jua linakochomoza amekwisha kuijua njia. Saumu ya Ramadhani aweza kuiahirisha na kuilipa katika siku nyingine, lakini alipe kweli, asiache deni likarundikana mwaka baada ya mwaka. Sala ya Ijumaa si wajibu kwa msafiri, ila tunamuusia kwamba Ijumaa inayomkuta karibu na msikiti, gari limeegeshwa na mzigo uko salama, asiipoteze kwa uvivu.

Kwa matajiri wa magari na kwa jamaa wa msikiti

Haitakuwa uadilifu kumuusia dereva peke yake. Mwezi Aprili, na tena Mei, mwaka 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa ilikuwa kufanya kazi bila ya mikataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na pamoja na ziada zisipite 12 kwa siku. Tena imetaka mkataba wa mfanyakazi anayepelekwa kufanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi. Haya si mageni kwetu. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana, na Mtume (S.A.W) ametuusia kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tajiri anayempigia simu dereva usiku wa manane akimhimiza asilale, ajue kwamba damu itakayomwagika ana fungu lake ndani yake.

Nasi tuliobaki mijini tuna wajibu. Dereva akiwa mbali, majirani wamwangalie mgonjwa wake, na walimu wa madrasa wasimsahau mwanawe. Misikiti iliyo kando ya barabara iache mlango wa maji wazi hata usiku. Msafiri aliyeharibikiwa, akaishiwa, ana fungu katika zaka, kama ilivyotajwa katika Sura ya 9, At-Tawba, aya ya 60. Na akirudi, apewe nafasi katika safu na katika shauri kama alivyopewa alipokuwa mwalimu au mwenye duka. Kazi yake imebadilika. Heshima yake haikubadilika.

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba kila aliyechoka na kazi yake akimbilie usukani. Mwenye maradhi ya macho, ya moyo au ya kifafa asiende. Asiende mwenye mke mgonjwa asiye na wa kumtazama, wala mwenye kukimbia madeni au ugomvi wa nyumbani, kwa sababu hayo yatapanda naye garini. Lakini mwenye afya, aliyeshauriana na watu wake, akaswali Istikhara, akajifunza kwa ukweli na kuingia kwa nia ya kuwalisha wanawe halali, huyo aende kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kila kilomita ya njia hiyo ni ibada maadamu nia haijaharibika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote wa nchi kavu, majini na angani, awarudishe kwa familia zao na riziki njema, na atupe sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.